Duara la Unga

Kumpenda mtu ambaye kazi yake ni kukaa nyuma yako kutwa nzima ni adhabu, na mimi adhabu hiyo niliitumikia kwa moyo mmoja. Mimi nilikuwa wa mbele, yeye wa mwisho. Katikati yetu walikuwa wageni, watu wa mjini wanaolipa pesa zao nzuri ili watoke jasho, wametapakaa na baiskeli zao kwenye njia za changarawe zinazopanda vilima, zinazoshuka mabondeni na kupotelea msituni. Natangulia na mfuko wa unga begani. Kila njia inapogawanyika nashuka, nachota konzi moja, nachora mshale chini, nachapa mwendo. Yeye anakuja nyuma ya mgeni wa mwisho kabisa, na kila mshale anaoukuta anaufuta kwa soli ya kiatu, ili usije ukampoteza mtu mwingine kesho. Ndiyo sheria yetu. Wa mbele harudi nyuma, na wa mwisho hampiti mtu.

Wageni walimbatiza jina la Mkia. Alilikubali. Mwanamume mrefu, mpole, mabega mapana, anaitwa Mkia na anaitika! Mimi nilikuwa nimemwita shemeji kwa miaka mingi kabla ya hapo.

Alikuwa mume wa dada yangu. Dada ndiye aliyekuwa wa mbele enzi hizo, mimi nikiwa mdogo wa kuosha baiskeli na kujaza matairi upepo. Homa ilimchukua haraka hata hatukupata muda wa kuiogopa. Tulipomaliza kulia, mtu alihitajika kuubeba ule mfuko wa unga, nikaubeba mimi. Na nisidhaniwe vibaya: dada alipokuwa hai, mumewe kwangu alikuwa kama kabati la sebuleni, lipo tu, unalipita. Nilianza kumwona siku aliyonifungia cheni iliyokatika katikati ya mvua, akainua uso wenye matope, akatabasamu. Hapo nikaisha.

Tangu siku hiyo nilimwekea kiduara kidogo pembeni mwa kila mshale, ukubwa wa kifungo cha koti. Nilikuwa nimeshazoea kukichora hata kabla, mkono ulikwenda wenyewe, lakini sasa nilikichora kwa ajili yake. Wageni wakikiona walidhani unga umemwagika. Yeye alikuwa anavifuta vyote kimoja kimoja, halafu tukikutana kwenye kivuko cha mto saa ya chakula ananisogelea na kikombe cha chai na kuniambia kwa sauti ndogo, "Nimeviona." Basi. Kwa neno hilo moja nilipanda vilima vya mchana kama nina mota.

Jumapili alikuja kwa mama kuniposa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaingia jikoni na kufunga mlango. Hakutoka mpaka mposaji alipoondoka. Jumatano Mkia akapata kazi kama hii hii yetu, mbali, kwenye mabonde mengine ambayo hata wageni wetu hawajayasikia. Na leo, Ijumaa, alikuja kazini na begi lake limefungwa nyuma ya baiskeli. Pale kivukoni pana njia ya mkono wa kushoto inayokwenda kituo cha treni. Aliniambia asubuhi, tukiwa tunajaza upepo, bila kunitazama, "Ukisema twende wote, twende wote. Ukisema nikae, nitakaa na mama yako anifungie mlango kila Jumapili. Lakini sema."

Mama, ambaye ndiye mpishi wetu na dereva wa pikapu ya chakula, alimsikia, akanisema mbele ya sufuria zake, "Mchana utamjibu, na utamjibu mbele yangu. Sitaki mambo ya kunong'onezana vichakani."

Nilishuka ule mteremko wa mtoni kama ninavyoushuka siku zote, yaani vibaya. Ni mrefu, una mizizi, na kokoto zake zinateleza chini ya tairi. Chini kabisa miti inaachia na mto unaonekana, mpana, maji ya magotini, unapita juu ya mawe bila haraka. Mama alikuwa ameshafika. Alikuwa amefungua ubao wa nyuma wa pikapu, sufuria mbili za supu ya mboga juu yake, mikate imefunikwa kwa taulo safi.

"Wamefia njiani wangapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Hakuna. Daktari wa meno ana miguu mizito, lakini anakuja."

"Daktari wa meno yuko na nani?"

Alijua vizuri yuko na nani. "Yuko na Mkia."

"Ulianza lini kuacha kumwita shemeji?"

"Mama, kisu kiko wapi nikate mkate?"

"Nimekuuliza swali, mwanangu."

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Ulirudi nyumbani na matope mpaka kwenye nyusi, ukasema, 'Kanifungia cheni.' Nikauliza nani, ukasema, 'Yeye.' Nikajiambia, tumekwisha. Mwanamume akishaitwa 'yeye' ndani ya nyumba, hakuna jina jingine litakalomtosha."

Nilicheka. Sikutaka kucheka, lakini mama akikasirika anakuwa mchekeshaji, na hata yeye mdomo ulimcheza kidogo. Halafu akakaza uso.

"Sisemi ni mtu mbaya. Nitasemaje, wakati mimi ndiye niliyemkabidhi mtoto wangu kwa mikono miwili? Alimuuguza vizuri kuliko muuguzi. Lakini nikimwita mkwe kwa ajili yako, dada yako nitakuwa nimemzika mara ya pili. Ile picha ya harusi sebuleni nitaipeleka wapi? Uvunguni?"

"Mimi niko hai, mama."

"Ndiyo maana naongea na wewe."

Nilichukua mfuko nikaenda ukingoni kuchora mshale wa mwisho, ule unaoonyesha mahali pa kuingilia majini baada ya chakula, maana ukiingia pembeni kidogo unazama mpaka kiunoni. Nikachora. Pembeni yake nikaweka kiduara, unga ukamwagika zaidi, kikawa kinene kuliko vyote. Mama alikuja na ndoo kuchota maji ya kusuuzia vyombo. Akakiona. Akasimama.

"Hicho nini?"

"Kitu changu tu."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Mkono tu."

Mama aliweka ndoo chini polepole. "Dada yako alikuwa anamchorea hicho. Tangu siku walipochumbiana. Mimi ndiye niliyekuwa nampimia unga, akaniambia, 'Mama, ongeza kidogo, wa kumsalimia yule wa nyuma.' Ulikuwa mtoto, unapanda nyuma yake kila likizo, unafuata mishale yake. Umekiona mara ngapi, hata hujui umekiona."

Jua lilikuwa kali pale ukingoni na mimi nilisikia baridi. Nilitazama mkono wangu, vidole vyeupe kwa unga, nikauchukia. Kumbe hata salamu yangu ya mapenzi ilikuwa nguo ya mtumba.

Wageni walianza kuteremka, mmoja mmoja, wawili wawili, wanapiga kelele kwa furaha ya kufika salama. Mama alirudi kuwagawia supu kwa uso wa kazi. Mimi nikakata mikate, nikajibu maswali, nikaonyesha mahali pa kujisaidia. Mwisho kabisa, wakati wengine wanaanza bakuli la pili, ikasikika sauti ya daktari wa meno juu ya mteremko, na nyuma yake kofia ya bluu niliyoijua.

Yule daktari ni mzee mwenye kitambi na maneno mengi. Alishuka kwenye baiskeli akihema, akanishika bega.

"Binti, huyu Mkia wako ana mambo. Kila njia panda anashuka, anasimama, anatazama chini weee, ndipo anafuta. Nikamwambia, bwana, huo ni unga, siyo kaburi."

Alicheka sana kwa mzaha wake, akaenda kutafuta supu. Hakuna mtu mwingine aliyecheka.

Mkia aliegemeza baiskeli kwenye mti. Alituona tumerudi kusimama karibu na maji, mimi na mama na ndoo, akatazama chini kwenye mshale na kiduara chake, akaelewa. Alivua kofia. Nywele zilikuwa zimelowa jasho na kulala upande mmoja, na mimi, pamoja na yote hayo, nilitamani kuzinyoosha.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu njia panda ya kwanza, siku ya kwanza ulipotangulia. Nilikikuta, nikakaa chini palepale. Wageni wakadhani nimepata pancha."

"Ulidhani ni mimi au ni yeye?"

"Nilijua ni wewe. Yeye nilimzika kwa mikono yangu."

"Sijakuuliza ulijua nini. Nimekuuliza ulidhani nini."

Alinyamaza. Kuna watu ukimya wao ni wa kiburi. Wake ulikuwa wa mtu asiyetaka kudanganya, na huo ndio unaoua.

"Mbona hukuniambia?" nikasema. "Kila mchana unakuja na chai yako, 'nimeviona, nimeviona.' Umeona vya nani?"

"Nilidhani unafanya makusudi. Nilidhani ni njia yako ya kuniambia kwamba hukumsahau. Nikakupenda kwa hilo. Halafu nikakupenda tu."

"Halafu lini? Nionyeshe mahali."

"Mapenzi hayana alama njiani," alisema.

"Kwetu sisi yana. Ndiyo kazi yetu."

Mama alijikohoza. Alikuwa ameshika mpini wa ndoo kwa mikono miwili. "Mwanangu, mwulize vizuri."

Nikamwuliza vizuri. Nilimsogelea mpaka nikasikia harufu yake ya jasho na mafuta ya cheni. Nikasema, "Niambie kitu kimoja unachokipenda kwangu. Kimoja tu. Kiwe changu, kisiwe cha kurithi. Ukikipata, naenda kufunga begi langu, na mama yupo hapa anasikia."

Macho yake yaliwaka. Maskini, alidhani ni mtihani mwepesi.

"Unavyocheka kabla hujamaliza kusimulia kisa."

Mama aliinamisha kichwa. Dada hakuwahi kumaliza kisa hata kimoja maishani mwake bila kucheka katikati, mpaka baba yetu, alipokuwa hai, alikuwa anamwambia aanze na mwisho.

"Unavyoimba ukipanda kilima," akasema haraka. Kisha akajisahihisha mwenyewe kabla yetu. "Hapana. Hapana, subiri."

"Nasubiri."

"Mkate. Unavyobandua ganda la mkate unalila kwanza, kama mtoto."

"Hilo..." mama alianza, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Sema, mama."

"Hilo ni la dada yako. Wewe ganda ulikuwa hulitaki. Ulikuwa unampa yeye mezani, kila siku. Umeanza kulila baada ya msiba."

Nilijaribu kukumbuka na sikuweza. Jambo la kutisha ni hilo. Nilijitafuta ndani kwa ndani kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo, na kila nilichokigusa kilikuwa na harufu ya marashi ya dada. Mkia naye alikuwa anatafuta. Nilimwona anahangaika, midomo inacheza, kapauka uso. Wageni walikuwa wanagonga vijiko kwenye bakuli nyuma yetu na daktari wa meno alikuwa anamsimulia mtu habari za jino.

"Unaogopa mteremko," akasema ghafla.

Mimi na mama tukainua vichwa kwa pamoja.

"Mimi sikuoni ukishuka, niko mbali nyuma. Lakini naona tairi lako lilivyoburuzwa kwenye changarawe. Breki mwanzo mpaka mwisho. Yeye hakuwahi kugusa breki, alishuka kama jiwe lililotupwa. Wewe unaacha mstari mrefu chini, na kwenye kona unaweka mguu. Kila nikifika juu ya mteremko, kabla sijashuka, naangalia ule mstari mpaka unapoishia, nione kama umefika."

Mama alitoa sauti kama kicheko kilichobanwa. "Huyo ni wewe," akaniambia. "Huyo ni wewe kabisa. Hata ngazi za nyumbani ulikuwa unazishuka kwa makalio."

Nikacheka na machozi yakanitoka hapohapo. Kwa muda mfupi, mfupi sana, nilikuwa mwanamke aliyependwa. Mimi mwenyewe, na woga wangu, na makalio yangu ya kushukia ngazi. Niliona treni, niliona chumba mahali nisipopajua, baiskeli zetu mbili zimeegemea ukuta mmoja. Nilipaswa kuishia hapo. Lakini mimi nikiwasha moto lazima nichungulie chungu.

"Na unakipenda hicho?"

Alifungua mdomo. Halafu akafikiri. Ningempa nini asifikiri!

"Kinanitia huruma," akasema.

Ninaamini alimaanisha jambo jema. Kuna huruma iliyo ndugu wa mapenzi, watu wameoana nayo na wakazeeka nayo. Lakini niliona uso wake aliposema habari za yule aliyeshuka kama jiwe lililotupwa, na niliona uso wake aliposema habari zangu, na hizo zilikuwa nyuso mbili. Mama naye aliona. Alitazama pembeni, kwenye maji, kwa heshima, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta wenyewe wanavaa.

"Twende wote," akasema kwa sauti iliyokwaruza. Alinishika mkono ulio na unga. "Huko ninakokwenda hakuna mtu anayemjua."

"Wewe unamjua. Na mimi."

"Tutazoea."

"Nitakuwa nakuuliza swali hili kila siku."

"Kila siku?"

"Nikiamka. Nikikata mkate. Najijua."

Alinitazama muda mrefu. Macho yake ni ya rangi ya chai nzito, sijayaeleza popote kwa sababu sikuwahi kupata nafasi ya kuyatazama mpaka kushiba. Tulikuwa na saa ya chakula tu.

"Na mimi kila siku nitafikiri kwanza," akasema polepole, "ndipo nijibu."

"Najua."

"Ningekudanganya ingekuwa rahisi."

"Ungenidanganya ningekuja," nikasema, na huo ndio ukweli wa Mungu.

Akaniachia mkono. Nilitaka aung'ang'anie, nilitaka aseme upuuzi wowote, anibebe, anipakie kwenye pikapu ya mama kama gunia la viazi. Hakufanya. Mtu aliyefunzwa kutompita mtu hajui kuvunja foleni hata maisha yake yakiwa mbele ya foleni.

"Nenda, shemeji," nikasema.

Neno lilitoka bila kukwama. Yeye alilipokea kama kofi, akaitika kwa kichwa, akavaa kofia yake ya bluu. Mama alinyanyua ndoo tupu, akasahau kuchota maji, akarudi nayo kwenye sufuria.

"Wageni nitawafuata nyuma na gari," akasema akiwa amenipa mgongo. "Wewe tangulia."

Nikapiga filimbi. Wageni wakafunga kamba za viatu, wakalalamika kwamba supu imewalemea. Niliingia majini wa kwanza nikiikokota baiskeli, maji yakanifika magotini, baridi ya kuuma mfupa, na sikugeuka. Wa mbele hageuki, nilijiambia, kana kwamba ilikuwa ni sheria tu.

Upande wa pili kilima kinapanda moja kwa moja kutoka mtoni. Njia inazunguka ndani ya msitu, kokoto kubwa kubwa, jua linadondoka vipande vipande kati ya majani. Nilipanda kwa gia ngumu kuliko inavyofaa ili miguu iume kuliko kifua. Haikusaidia. Kilele kina uwanja mdogo wa nyasi, na hapo ndipo tunapongojana, wa mbele anakaa mpaka wa mwisho afike. Nikakaa juu ya jiwe nikawangoja.

Wakaja. Wale vijana wawili wanaoshindana kwa kila kitu, kisha wanandoa wenye kofia zinazofanana, kisha yule mwalimu wa kike asiyeongea. Daktari wa meno alifika akiisukuma baiskeli yake, uso mwekundu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mtu wa kuongea naye. Alikaa kwenye nyasi, akageuka kutazama njia aliyotoka, akanitazama mimi, akafunga mdomo. Ni mzee mwenye adabu kuliko nilivyodhani.

Kilichosikika nyuma yake kilikuwa injini. Pikapu ilitokea kwenye kona, inapanda kwa taabu, vyombo vinagongana ndani ya sufuria. Mama alikuwa peke yake. Alisimamisha gari, hakuzima, hakushuka. Nikaenda dirishani.

"Ameondoka?"

"Kachukua njia ya kituoni."

"Kasema nini?"

"Kasema, 'Asante, mama.' Kaosha bakuli lake, kalifuta, kalirudisha mahali pake." Mikono yake ilikuwa imeshika usukani kama gari bado linapanda. "Nimemtazama mpaka miti ikamficha. Alikuwa anaendesha polepole, kama amezoea kuwa na watu mbele."

"Si ndivyo ulivyotaka, mama?"

"Ndivyo nilivyotaka." Alitikisa kichwa. "Kila alipokuwa anakuja nyumbani nilikuwa namkasirikia. Lakini nikisikia anaegemeza baiskeli ukutani, kwa muda kidogo, kabla sijafikiri vizuri, nilikuwa najua wamefika. Wote wawili, yeye na dada yako. Nilikuwa napanga vikombe viwili. Halafu anaingia peke yake, nakumbuka, nakasirika upya." Sauti ikakatika. "Sasa nani ataniegemezea baiskeli pale? Nimemfukuza yeye. Nimemfukuza mwanangu pamoja naye."

Mama alilalia usukani akalia kwa sauti, mbele ya wageni, mwanamke ambaye hata msibani alikuwa anagawa sahani. Niliingiza mkono dirishani nikamshika bega. Nilitaka kumwambia, mama, mimi bado nipo. Maneno yalifika mpaka kwenye ulimi. Sikuyasema, kwa sababu niliogopa angeinua kichwa na kunitazama, nami ningemwona anamtafuta nani usoni mwangu.